Mwaka wetu Kilwa, na tangazo la mlangoni

Basi tulilopanda lilikuwa la Mtwara, na basi la Mtwara halina haja ya kuingia Kilwa Masoko. Likifika Nangurukuru husimama kidogo, huteremsha abiria na mizigo, kisha huendelea na safari yake ya kusini. Mwenye kwenda Masoko hutafuta gari nyingine ya kumpeleka upande wa bahari. Hapo ndipo tuliposhuka sisi wanne, siku za mwanzo za Muharram ya mwaka 1445, Julai 2023: baba, mama, binti wa miaka mitatu na nusu, na mvulana wa miezi minne aliyelala katika mbeleko mgongoni kwa mama yake, hana habari kwamba amehama mji.

Mama yao alikuwa amehamishiwa shule ya msingi ya huko. Baadhi ya jamaa zetu wa Dar es Salaam walitupa pole kana kwamba tumefiwa. Zamani pole hiyo ingekuwa na sababu. Wanaokumbuka pantoni la Ndundu, kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, na kipande cha Ndundu hadi Somanga kabla hakijawekwa lami, husimulia safari za masika zilizokula siku badala ya saa. Sisi tulitoka Mbagala baada ya swala ya Alfajiri, na Adhuhuri ilitukuta tumekaa juu ya magodoro yetu pale njia panda, binti yetu akiuliza bahari iko wapi.

Kilwa ni tatu, na mgeni huzichanganya. Kisiwani ni ile ya masultani, ng'ambo ya maji. Kivinje ni mji wa biashara wa zamani, wenye nyumba kuukuu za mawe na hospitali ya wilaya. Masoko, tulikokaa sisi, ni makao makuu ya wilaya: bandari, soko, ofisi za serikali, na barabara inayoteremka mpaka gatini. Ukisimama gatini jioni unakiona Kisiwani mbele yako, na mwenye macho mazuri huuona ukuta wa Gereza umesimama juu ya maji. Tulipanga nyumba ya vyumba viwili na uani wenye mwembe mmoja, hatua chache kutoka msikiti wa mtaa. Tukafungua duka dogo la madaftari na vitabu karibu na soko. Mama yao akaanza kazi.

Jirani yetu wa ukuta mmoja alikuwa bibi aliyekwisha zika mume na kulea wajukuu saba. Yeye hakuhesabu miezi kwa Julai na Agosti. Alihesabu kama walivyohesabu wazee wa pwani, tangu Ramadhani inapokwisha: Mfungo Mosi, Mfungo Pili, mpaka zamu ya Rajabu na Shaabani. Kwake yeye tulikuwa tumehamia Mfungo Nne, na mtoto wetu angeota jino kabla Mfungo Sita haujatoka. Jino likatoka kama alivyosema. Mtoto alilia siku nne, na usiku wa tatu bibi aligonga ukuta kwa fimbo, akapaza sauti: "Mwanangu, mlete huku mama yake alale." Tulimpeleka. Alimlaza kifuani, akamvumia kitu kisicho na maneno, na nyumba yetu ikawa kimya kwa mara ya kwanza tangu tuhamie.

Hatutaki kumdanganya msomaji kwamba katika miezi hiyo kazi ya malezi ilikuwa ya wawili. Mama yao aliamka saa kumi usiku, akanyonyesha, akachemsha uji, akamwachia bibi mtoto, akaenda kufundisha, akarudi saa nane na rundo la madaftari ya kusahihisha. Sisi tulifungua duka, tukafunga kwa swala, tukafungua tena. Jioni tulikuwa na vikao, kwa sababu kabla Mfungo Tano haujaisha tulikuwa tumekwisha pewa ukatibu wa kamati ya msikiti. Katibu aliyekuwapo alihamia Lindi, na waumini walipojua kwamba tumesoma chuo cha Kiislamu na tuna mwandiko unaosomeka, hawakutafuta zaidi. Tulilipokea jukumu hilo kwa furaha kubwa kuliko tulivyoonesha. Kuna raha katika kuitwa "Ustadh Katibu" na watu wazima, na kuna raha nyingine, ambayo tutaikiri hapa, katika kuwa na sababu ya kheri ya kutokuwapo nyumbani saa ya kuwaogesha watoto.

Tangazo liliandikwa baada ya Maulidi. Watoto wa mtaa walikuja wengi siku hiyo, wakala pilau, wakazoea kuwa msikiti ni mahali pa furaha, na juma lililofuata waliendelea kuja. Wakati wa Isha walikimbizana safu za nyuma. Usiku mmoja kikombe cha maji kilimwagika juu ya zulia jipya, zulia lililochangiwa kwa miezi kumi na minne. Kikao kikaitishwa. Mzee wetu mmoja wa kamati, mtu wa safu ya kwanza ambaye swala za jamaa hazimpiti, mvua isimzuie wala homa, alisema kwamba Mtume (SAW) ameamrisha watoto waepushwe na misikiti. Akatutazama sisi, kwa kuwa ndio tuliosoma.

Hadithi hiyo tuliijua. Imo katika Sunan ya Ibn Majah, na wanazuoni wa hadithi wamebainisha kwamba isnadi yake ni dhaifu. Chuoni tuliijadili, tukaiandikia hata karatasi. Tena tuliijua iliyo sahihi, ipokewayo na Abu Qatada (RA) katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (SAW) aliswali hali amembeba Umama, binti wa binti yake Zaynab. Akisujudu humweka chini, akisimama humbeba tena. Na tuliijua ile ya kuifupisha swala asikiapo kilio cha mtoto, kwa kumhurumia mama yake. Haya yote yalikuwa kichwani mwetu katika kikao kile. Tulikuwa wageni, tulikuwa vijana mbele ya wazee, na zulia lilikuwa bado limelowa. Tulinyamaza. Kisha tukachukua karatasi ngumu na kalamu nene, tukaandika kwa herufi kubwa kwamba watoto wadogo hawaruhusiwi kuingia msikitini wakati wa swala, chini yake tukaandika "Kamati", na muadhini akaigongomea mlangoni kwa misumari minne.

Kesho yake binti yetu alisindikizwa na baba yake kutoka madrasa. Huwa anapenda kila kilichoandikwa; alif na ba alizijua, na alidhani kila maandishi ni Juzuu Amma. Akauliza: "Baba, pale pameandikwa nini?" Tukamjibu kwamba pameandikwa tuvue viatu. Tangu siku hiyo kila tulipopita mbele ya msikiti alilinyooshea kidole tangazo lile, akavua ndala zake barabarani, akazibeba mkononi mpaka tulipoupita ukuta.

Mfungo Nane mtoto mdogo alipata homa. Tulimpeleka Kivinje kwa bajaji akiwa amelegea kama kitambaa. Kipimo kikaonesha malaria, akapewa dawa mseto, na siku ya tatu alikuwa anatambaa kuelekea kwenye ndoo ya maji. Tunalitaja hili kwa haraka kwa kuwa lilikwisha kwa haraka, alhamdulillah, ingawa usiku wa kwanza wake haukuwa mfupi.

Rajabu, kaskazi ikivuma sawasawa na bahari ikiwa ya buluu mpaka chini, tulikwenda Kisiwani. Unalipia kibali kwanza, kisha unashuka gatini kutafuta chombo. Mashua yetu ilikuwa na tanga lililotiwa viraka vya mifuko ya unga. Nahodha alimtaka binti yetu ashike kamba, asijione abiria. Aliishika kwa mikono miwili njia nzima, na tulipofika hakutaka kuiachia.

Yaliyoandikwa kuhusu Kisiwani ni mengi, nasi hatuna la kuwaongezea wanahistoria. Ibn Battuta alifika mwaka 1331, enzi za Sultani Hasan bin Sulaiman, ambaye kwa ukarimu wake aliitwa Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipawa. Msafiri huyo anasimulia kisa cha fakiri kutoka Yemen aliyemsimamisha sultani akitoka kwenye swala ya Ijumaa, akamwomba nguo alizovaa, na sultani akarudi ndani akazivua akampa. Magofu ya kisiwa hicho na ya Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, na kwa miaka kumi, 2004 hadi 2014, yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa jinsi bahari na mimea ilivyokuwa ikiyala.

Tuliloona sisi ni hili. Msikiti Mkuu wa Kilwa una sehemu mbili. Ya kaskazini ni ndogo na kongwe zaidi. Ya kusini ni kubwa, imejengwa kwa matumbawe na chokaa, ina safu za nguzo zinazobeba matao na kuba. Katika zama zake ulikuwa miongoni mwa misikiti mikubwa kabisa ya pwani hii. Paa la sehemu kongwe halipo, na jua huingia hadi penye mihrabu. Binti yetu alisimama mlangoni, akavua viatu. Hakuna aliyemwambia. Kisha akakimbia. Alikimbia kutoka nguzo hadi nguzo akihesabu, akakosea, akaanza upya, sauti yake ikizunguka chini ya kuba na kurudi. Mdogo wake, aliyekuwa ameanza kusimama kwa kushikilia, alikamata nguzo ya jiwe la miaka mamia, akacheka. Mwenyeji aliyetutembeza, kijana wa kijiji cha pale, alisema kwamba wageni wengi huja kupiga picha, lakini ni mara chache kusikia mtoto humo ndani.

Mama yao alikuwa ameketi kwenye kizingiti, akinyoosha mguu. Hakusema neno la lawama. Alisema tu, huku akimtazama binti yake: "Hapa hapana tangazo."

Tungependa kuandika kwamba tulirudi Masoko tukalibandua. Hatukufanya hivyo. Tulirudi, tukafungua duka, na jioni kulikuwa na kikao cha maandalizi ya Ramadhani.

Ramadhani ya Kilwa ni njema. Futari ni mihogo ya nazi, magimbi, tambi, kunde, na samaki wabichi wa mchana ule ule. Sahani hupita kutoka uani kwenda uani, na usiporudisha sahani na kitu juu yake utasemwa. Binti yetu alifunga "nusu", yaani mpaka saa nne asubuhi, akadai kuhesabiwa. Lakini mwezi ule mzima mama yao aliswali tarawehe chumbani. Msikiti wetu una sehemu ya wanawake, yenye pazia na mlango wake, na Ramadhani za nyuma, kabla hatujaja, ilijaa. Mwaka huu walikuja mabibi na wasichana wasio na watoto. Wenye watoto wadogo walikuwa wamelisoma tangazo kama lilivyoandikwa. Usiku wa ishirini na saba tulirudi nyumbani baada ya swala ndefu, macho yakiwa bado na machozi ya dua, tukamkuta amelala juu ya mswala, mtoto pembeni, msahafu umefunikwa kwa leso. Alizinduka akasema: "Tangazo lenu limetufungia sisi pia, baba watoto. Hatujui kama mlikusudia." Tukasema halikukusudiwa yeye. Akauliza: "Basi lilikusudiwa nani?"

Lilikuwapo jina tungeweza kumtajia, lakini tuliliweka moyoni. Mvuvi mmoja, kijana wa rika letu, alikuwa na mazoea ya kuja Isha na wanawe wawili, wa miaka mitano na sita. Aliwasimamisha kulia na kushoto kwake. Hawakuwa miongoni mwa wale waliokimbizana. Jioni ya kwanza ya tangazo tulikuwa barazani, tukamwona amesimama, akasoma, akawashika mikono, akageuka. Tulimwona. Alikuwa umbali wa sauti ya kawaida tu. Hatukumwita, na tangu siku hiyo hakuonekana tena msikitini kwetu.

Mvua za mwaka ule zilikuwa nyingi tangu vuli. Aprili Mto Rufiji ulifurika, ukazamisha mashamba na nyumba za ndugu zetu wa Rufiji na Kibiti. Mei Mosi mama yao alipata ruhusa ya siku nne kwenda Dar es Salaam, mama yake mzazi akifanyiwa upasuaji. Mtoto mdogo, kwa kuwa bado ananyonya, alikwenda naye. Binti akabaki na baba. Siku nne hazina uzito, tulisema.

Jumamosi ya Mei 4, Mfungo Mosi ukielekea mwishoni, kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imetangaza, na wavuvi walikuwa wamevuta vyombo vyao juu. Usiku ule mabati ya nyumba yetu yalipiga kelele kama watu wanaogombana. Binti yetu alijificha kwapani mwa baba yake, akataka kujua kama upepo huo unamfikia mama yake. Muadhini aliadhini katikati ya mvua, na mahali pa mwito wa kuijia swala alitangaza watu waswali majumbani mwao, kwa mujibu wa sunna ya siku za mvua kubwa. Tuliswali sisi wawili juu ya kitanda, kwa kuwa sakafuni maji yalikuwa yameingia.

Asubuhi tukapata habari kwamba barabara ya kwenda Dar es Salaam imekatika mahali kadhaa kaskazini mwetu, Somanga ikiwamo. Malori yalipanga mistari pande zote mbili. Siku nne za mama yao ziligeuka kumi na tatu.

Katika siku hizo tulijifunza vitu ambavyo baba wa watoto wawili alipaswa kuwa amevijua zamani. Tulijifunza kwamba uji ukiwa mzito haunyweki na ukiwa mwepesi haushibishi. Tulijifunza kwamba nywele za mtoto wa kike zikifumuliwa hazisubiri. Siku ya tatu alikwenda madrasa amefungwa mtandio kuficha aibu ya baba yake. Tulijifunza jinsi mtoto anavyoamka usiku, mara moja kwa kiu, mara moja kwa ndoto, na mara moja bila sababu yoyote. Mtandao wa simu ulipopatikana, mama yao alitoa maelekezo, na nyuma ya sauti yake tukasikia mtoto akisema neno lake jipya. Lilikuwa "dada".

Jumatatu kabla ya alfajiri simu ililia. Imamu alisema nyumba ya muadhini imeingia maji na amehamishia familia yake kwa shemeji yake mbali. Ufunguo wa akiba uko kwa katibu, basi katibu afungue msikiti na aadhini. Bibi wa jirani alikuwa amechukuliwa na mwanawe tangu Jumamosi. Hapakuwa na mtu wa kumwachia mtoto. Tulimfunga katika kanga ya mama yake, tukambeba begani amelala, tukakanyaga matope kwa tochi ya simu.

Mlangoni tuliinua tochi kutafuta tundu la kufuli, na mwanga ukaangukia mwandiko wetu. Mvua ilikuwa imelowesha karatasi, lakini herufi zilisomeka vizuri. Tulisimama hapo muda ambao si mrefu, ila hatujausahau. Kisha tukafungua, tukamlaza kwenye zulia karibu na nguzo ya nyuma, tukaadhini.

Walikuja watu tisa. Mzee wetu wa safu ya kwanza alikuwa wa kwanza wao, suruali imekunjwa hadi magotini. Tulisimama safu ya nyuma peke yetu, ili tuwe karibu na mtoto, na imamu akaturuhusu kwa ishara ya kichwa. Katika rakaa ya pili, sijida ya kwanza, aliamka gizani asijue yuko wapi. Akaita: "Baba!" Sauti ya mtoto katika msikiti mtupu huwa kubwa. Akaita tena. Kisha tukasikia miguu yake midogo, na akatukalia mgongoni. Imamu akaifupisha iliyobaki.

Baada ya salamu hakuna aliyegeuka kwa ukali. Mzee alimaliza nyiradi zake kama kawaida yake, bila kuharakisha. Akainuka, akaja mpaka tulipo, akamtazama mtoto, akatutazama. Akauliza kwa sauti ya chini, kwa adabu kabisa: "Ustadh Katibu, lile tangazo ni la watoto wa nani?"

Hatukuwa na jibu. Yeye alikuwa na haki ya kuuliza, na tunaamini hakuuliza kwa kejeli. Ni mtu wa kanuni; kanuni imewekwa, na katibu ameivunja kwa miguu yake mwenyewe. Tulimwambia tutaliitia kikao. Akasema: "Itia."

Mchana ule tuliteremka pwani na binti yetu kumtafuta yule mvuvi. Alikuwa anashona wavu, ngalawa yake imepasuka ubavu. Tulimwomba radhi kwa yote mawili, tangazo na kimya chetu. Alituangalia kwa mshangao. "Mimi sikuchukia, Ustadh," akasema. "Nilidhani mmechoka na harufu ya samaki. Watoto wangu wanatoka pwani moja kwa moja." Akamkaribisha binti yetu chaza la kuchezea, akarudi kwenye wavu wake. Tulimweleza kwamba harufu haikuwa na sehemu katika jambo lile. Aliitikia kwa kichwa, lakini hatukuona kama ameamini. Miezi saba ni mirefu kwa mtu kukaa na maneno ambayo hakuambiwa.

Kikao kilifanyika mama yao alipokwisha kurudi. Kilianza baada ya Isha na kilikwisha saa tano. Safari hii tuliisema hadithi ya Ibn Majah na hali yake, tukasema za Bukhari na Muslim, na tukasema mbele ya wote kwamba tulizijua tangu siku ya kwanza tukanyamaza. Kulikuwa na maswali magumu, na mengine yalistahili: nani atawasimamia watoto, nani atalipia zulia likiharibika, na je, mzazi anayemwacha mwanawe akimbie mbele ya wanaoswali hana wajibu wowote? Tulikubaliana watoto wasimame na wazazi wao wala wasikusanywe pamoja nyuma, maana wakikusanyika ndipo hucheza. Mzee wetu hakukubali. Alisema ameona misikiti ikigeuzwa viwanja, na akataka iandikwe katika kumbukumbu kwamba yeye alipinga. Tuliandika hivyo, kwa jina lake na kwa maneno yake. Kesho yake Alfajiri alikuwa safu ya kwanza, kama siku zote.

Mvuvi bado anaswali msikiti wa pwani. Mwanawe mkubwa amerudi kwetu, huja na rafiki zake Maghribi na kuondoka kabla ya Isha. Sehemu ya wanawake sasa ina kelele, na tumekwisha pokea malalamiko mawili ya maandishi. Mdogo wa binti yetu alianza kutembea wiki ile ile waliyorudi, na kwa sababu fulani anapenda kutembea katikati ya safu watu wakiwa wamerukuu.

Siku tulipolibandua tangazo, misumari miwili ilitoka na miwili ikakatikia ndani ya mbao. Binti yetu alikuwapo, ndala mkononi. Akauliza: "Sasa watu watajuaje kwamba wavue viatu?" Tulichuchumaa pale mlangoni tukamwambia kile kilichokuwa kimeandikwa, neno kwa neno, na nani aliyekiandika. Alifikiri kidogo. Kisha akaziweka ndala zake kwenye ngazi, moja kando ya nyingine, akaingia.